Tungamo la Sayari za Mbali

Sayari isiyoonekana hupimwaje? Mfano bora ni nyota TRAPPIST-1, iliyo umbali wa takriban miaka 40 ya mwanga, ambayo mwaka wa 2017 ilitangazwa kuwa na sayari saba. Sayari ipitapo mbele ya nyota hiyo, mwanga hufifia kidogo. Kiasi cha kufifia ndicho kifichuacho ukubwa wake. Ama tungamo (wala si uzito, ingawa wengi huyachanganya maneno haya), hilo hupatikana kwa kuwa sayari hizo huvutana, hivyo kila moja huwahi au huchelewa kupita. Kutokana na tofauti hizo za muda, watafiti walikokotoa tungamo la kila mojawapo. Tungamo likigawanywa kwa ujazo, hupatikana msongamano.

Mwaka wa 2021 ilibainika kuwa misongamano yote saba inakaribiana, nayo imepungua kwa takriban asilimia 8 kuliko ambavyo ingekuwa lau sayari hizo zingeumbwa kwa mchanganyiko wa Dunia. Utata uko hapo. Huenda chuma ni kichache. Huenda kimeungana na oksijeni mfano wa kutu. Huenda pana maji juu ya miamba. Namba ni moja, maelezo ni matatu. Hata hivyo, kwa sayari ya ndani kabisa, dhana ya maji ni dhaifu: mwaka wa 2023 darubini ya James Webb ilipima joto lake, isipate dalili ya angahewa nzito.