Tazama Mizigo, Utajua Treni Imetoka Wapi

Ukitaka kujua treni iliyoingia Stesheni ya Dar es Salaam imetoka wapi, tazama mizigo. Madumu ya mawese na viroba vya dagaa, hiyo ni Kigoma. Asali, Tabora. Magunia ya mchele, Shinyanga na Mwanza. Nilijifunza kuisoma hivyo nikiwa mpiga picha pale nje, enzi za filamu. Abiria anayeondoka alilipa nusu ya bei ya picha, nusu nyingine akaimalizia ndugu aliyebaki mjini, ambaye ndiye angeifuata picha na kuituma kwa posta.

Wateja wangu wakubwa walikuwa watu wa bara, waliorudi kwao kwa Reli ya Kati. Wajerumani walianza kuijenga reli hiyo mwaka 1905, ikafika Kigoma 1914, zaidi ya kilomita 1,200. Tawi la Mwanza, linaloanzia Tabora, lilikamilika 1928. Anayekwenda kukaa daraja la tatu siku mbili na zaidi alitaka kumbukumbu kabla ya kupanda. Mama mmoja alinizuia mpaka avue kandambili, avae viatu vya binti yake aliyekuja kumsindikiza. "Mwanangu, kwetu wataanza kuniangalia miguuni," aliniambia. Nikarudi nyuma hatua kadhaa, nikampiga kuanzia unyayo hadi kilemba, mkeka wake mpya umesimamishwa ubavuni, binti pembeni amebaki peku, anacheka. Mpaka leo sijapiga picha ya reli inayoishinda ile, na kichwa cha treni hakionekani kabisa.

Kuipiga reli yenyewe lilikuwa jambo jingine. Reli, madaraja na bandari vilihesabiwa kuwa maeneo nyeti, na bila kibali ungeweza kunyang'anywa filamu. Nilizungushwa sana nikitafuta karatasi hiyo. Uchungu wangu si usumbufu ule. Ni kwamba kazi nyingi za reli zilipita bila mtu kuzipiga.

Treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012, ile wananchi waliyoiita Treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, nilihamia kandokando ya njia ya Ubungo Maziwa. Pale Buguruni honi ikilia wafanyabiashara walivuta meza, wakakunja maturubai. Behewa la mwisho likipita tu, nyanya zilikuwa zimesharudi mahali pake. Milangoni watu wamebanana, wanafunzi wamekumbatia mabegi kifuani. Picha nzuri ilikuwa hapo, katika dakika ile moja.

Sasa kuna reli ya kisasa, SGR, iliyoanza kubeba abiria kwenda Morogoro Juni 2024. Inatumia umeme, na reli zake zimeachana milimita 1,435, wakati za zamani zimeachana mita moja kamili, kwa hiyo behewa la huku haliwezi kupita kule. Naifurahia kwa dhati. Abiria wanajipiga picha wenyewe kwa simu, na hilo pia ni jema.

Ninachokitafuta sasa ni picha za watu wa gengi: wale waliokaa kwenye kambi kando ya njia, wakikaza bolti, wakibadilisha mataruma, wakishindilia kokoto ili treni ipite salama. Wengi wao ni wazee sasa. Kama baba au babu yako alikuwa mtu wa gengi na una picha yake kabatini, muulize walikuwa kambi gani, mwaka gani, na wenzake waliosimama naye ni akina nani. Andika majina yao nyuma ya picha hiyo wiki hii.