Dola na Mkulima wa Usukumani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia kwa James C. Scott wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye kitabu chake cha 1998 kinaiweka Operesheni Vijiji, yaani kuwahamishia wakulima wa Tanzania kwenye vijiji vilivyopangwa, katika orodha ya mipango mikubwa ya dola iliyokwama. Hoja yake ni kwamba mtawala hawezi kuwatoza kodi wala kuwaamrisha watu asiowaona, hivyo huanza kwa kuwapanga.

Anayemsoma akiwa hapa Ngokolo, Shinyanga, hana haja ya kutafuta ushahidi mbali. Msukuma alijenga kaya yake peke yake, mashamba na ng'ombe wake wakiizunguka. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na mwisho wa 1976 uwe ndio kikomo. Mwaka uliofuata Shinyanga nayo ikahamishwa.

Göran Hydén, Mswidi aliyefundisha Dar es Salaam, aliandika mwaka 1980 kwamba mkulima wa Tanzania hakukamatika: ana jembe na ardhi, dola ataikwepa tu. Kwa maoni yangu wote wawili wameishia njiani. Mkulima wa huku hakukwepa. Dola ilipomkosesha ulinzi, alijiundia wa kwake.

Sungusungu, walinzi wa wanakijiji wenyewe, walizuka upande wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipokithiri. Polisi hawakuaminika. Mateso ya watuhumiwa wa Mwanza na Shinyanga mwaka 1976 yalikwisha kumfanya Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, ajiuzulu. Basi wanakijiji wakashika pinde na mishale. Mwano, yaani ukelele wa hatari, ukipigwa, kila mwanamume alitoka. Mkuu wao wakamwita mtemi, cheo ambacho serikali ilikifuta mwaka 1963! Na kwa kejeli ya historia, ni vijiji vile vile vya operesheni vilivyowarahisishia kukusanyika. Kaya zikiwa zimetawanyika, mwano ungechelewa.

Tusiwapambe, hata hivyo. Adhabu zao zilikuwa nzito, na vikongwe walioshukiwa uchawi waliteseka mikononi mwao. Baadhi ya wanasheria na polisi walinung'unika, lakini Nyerere aliwaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa ili kuwatambua. Chombo kilichoziba pengo la serikali kikawa cha serikali, pinde na yote.

Wiki ijayo tutarudi nyuma hadi Geita ya 1958, Waingereza walipowalazimisha wananchi kukubali halmashauri ya rangi zote, na wananchi wakaandamana hadi Mwanza.

Itaendelea.