Kijana, Shika Ufundi: Kibenga Haikujengwa kwa Kalamu Peke Yake



Kila siku asubuhi na mapema watu huingia Kibenga kwa makundi, wakitembea kwa miguu. Hutoka Kanyosha, Musaga na mitaa mingine, mwiko mfukoni, pimamaji mkononi, nguo za kazi zimekunjwa kwapani. Jioni hurudi makwao wamejaa vumbi la saruji. Watu hawa ndio waliojenga Kibenga. Hesabuni mikono iliyopita katika nyumba moja tu ya mtaa huu: mwashi, seremala, fundi wa nondo, fundi bomba, fundi umeme, mchomeleaji wa milango na madirisha, fundi wa vigae, na mpaka rangi. Akikosekana mmoja wao, mwenye nyumba hahamii.

Lakini ukimwuliza kijana aliyemaliza shule anataka kazi gani, atakujibu: ofisini. Ukimwuliza baba yake, atajibu vile vile. Kijana hukaa nyumbani mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, diploma yake imo ndani ya bahasha, anangoja kuitwa. Na katika miaka hiyo hiyo jirani yake aliyeanza kubeba karai la zege amekwisha kujua kupanga tofali, ameanza kupewa ukuta wake mwenyewe, na nyumbani kwao watu wanakula. Leo chama kinataka tuseme juu ya jambo hili bila kuonana haya.

KAZI YA MIKONO SI KAZI YA WALIOSHINDWA

Ubaya wa kwanza ni dharau. Tangu wakati wa ukoloni tulizoea kumwona karani kuwa mtu na fundi kuwa mtumishi tu. Wazazi wengi humpeleka ufundini mtoto aliyeshindwa mtihani, kama adhabu. Ndugu zangu, hiyo si haki, wala si kweli kwamba ufundi hauhitaji akili.

Mimi niliacha shule baada ya msingi, na hesabu niliyoitumia zaidi maishani nimeitumia shantie. Fundi akitaka kujua kama pembe ya nyumba imenyooka, hupima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha hupima kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni mita 5 kamili, pembe ni sawa. Ikipungua au ikizidi, nyumba nzima itakwenda upande. Zege la kawaida huchanganywa kipimo 1 cha saruji, 2 vya mchanga na 4 vya kokoto. Maji yakizidi, zege hulegea hata kama saruji ni nzuri. Likishamwagwa hunyweshwa maji angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa siku ya 28. Tajiri mwenye haraka hataki kusikia habari hizi. Fundi anayezijua ndiye anayeweza kumwambia, "Hapana, bwana, mbao hizi haziondolewi leo." Asiyejua atatii, na siku moja dari litamwangukia mtu.

Tazameni pia yaliyoupata mtaa wenyewe. Mwaka 2021, na tena mwaka 2024, Ziwa Tanganyika lilipanda na maji yakaingia katika nyumba za Kibenga zilizo karibu na ufuko. Kuna waliohama na kuacha kuta zikilowa. Fundi hawezi kulizuia ziwa. Lakini ni fundi anayejua msingi uende chini kiasi gani katika udongo wa maji, mfereji upewe mteremko gani, swichi na nyaya za umeme zipandishwe wapi ukutani, na ukuta upi bado unafaa, upi ubomolewe kabla haujaua. Mji huu utakuwa na kazi hiyo kwa miaka mingi.

Na tusifikiri habari ni ya nyumba peke yake. Maporomoko ya Rusumo yana kituo cha umeme cha megawati 80, ambazo Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana. Hata hivyo Warundi wengi bado hawajapata taa nyumbani. Siku waya utakapowafikia, ni nani atakayeingiza umeme ndani ya nyumba zao bila kuziunguza? Nendeni Buyenzi mkaone gari linavyofunguliwa asubuhi na kuondoka jioni likiwa zima. Mtaa ule wa Waswahili unajulikana mji mzima kwa mafundi wake, na wengi wao walifundishwa na baba, mjomba au mwenye karakana.

MELI ILIYOOKOLEWA NA MAFUNDI

Wakubwa wetu waliijua meli iitwayo Liemba. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina jingine, Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku kama 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo hadi Kigoma. Mafundi watatu kutoka Papenburg, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, pamoja na Waafrika wengi, waliiunga upya kwa ribiti, na mwaka 1915 ikashushwa ziwani.

Julai 1916 vita vilipowaelemea Wajerumani, waliamua kuizamisha wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka mashine grisi nene. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua kutoka majini, na mwaka 1927 ikarudi kazini, ikabeba watu na mizigo katika ziwa letu kwa miaka mingi mno. Jenerali gani aliiokoa meli ile? Hakuna. Iliokolewa na watu wenye mikono michafu waliojua kwamba chuma kilichopakwa mafuta vizuri hakiliwi upesi na kutu.

Sasa sikilizeni upande wa pili wa habari hiyo. Majina ya wale watatu yameandikwa vitabuni. Je, Waafrika waliopiga ribiti pamoja nao, leo ni nani anayewataja? Walifanya kazi ile ile katika jua lile lile. Lakini hawakuwa na cheti, hawakuwa na mkataba, hawakuwa na chama. Ndiyo sababu chama hakimwambii kijana, "Nenda ukawe fundi," kisha kikanyamaza. Kinamwambia: uwe fundi, na jina lako liandikwe.

TAABU ZIPO, TUSIZIFICHE

Hatutaki kuwadanganya vijana. Mwenye kuanza huwa yede, msaidizi wa fundi. Huchota maji, huchanganya zege, hupandisha tofali ghorofani, na jioni mgongo hukataa kunyooka. Wako mafundi wanaowafanya wanafunzi wao watumwa: miaka miwili kijana anafagia na kununua sigara, hajafundishwa hata kushika timazi. Wako makapita wanaolipa nusu na kuahidi nusu.

Nilipokuwa yede, mwenzangu alianguka kutoka kwenye jukwaa lililofungwa kwa kamba mbovu. Mguu ulivunjika. Mwenye shantie alimpa nauli ya kufika hospitali, na kesho yake nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Hakukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba alipata kufanya kazi pale. Kwa sababu ya karatasi hiyo iliyokosekana, hakupata chochote.

Sheria ya kazi ipo, nayo ilirekebishwa Novemba 2020. Bima ya ajali kazini ipo, chini ya INSS. Mwaka 2000 nchi yetu iliukubali mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, ikataja miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Lakini sheria haitembei yenyewe hadi shantie. Mwaka 1988 mshahara wa chini uliwekwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura, na kwa zaidi ya miaka 30 vyama vya wafanyakazi vilipiga kelele kwamba kiasi hicho hakinunui hata chakula cha mtu mmoja. Hatutaki kijana aingie ufundini akidhani hakuna vita. Tunataka aingie akiwa na wenzake.

MASHAURI KWA KIJANA

Kwanza, usiache shule ili ukimbilie shantie. Maliza, ujue kusoma ramani ya nyumba na kupiga hesabu ya vifaa. Kama njia ipo, ingia shule ya ufundi, kama ile ya Kamenge, au vituo vya kufundisha kazi vilivyoko mikoani. Kama huna njia, tafuta fundi mwenye sifa, na wazazi wako wapatane naye mbele ya mashahidi: muda wa kujifunza, utakachofundishwa, na utakacholipwa. Mambo hayo yaandikwe.

Pili, chagua ufundi mmoja na ukae nao. Anayebadili kila mwezi hubaki yede hadi uzeeni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Tatu, nunua vifaa vyako kidogo kidogo. Leo mwiko, mwezi ujao pimamaji, baadaye msumeno. Fundi mwenye vifaa vyake hapangiwi bei na kila mtu.

Nne, andika kila siku ya kazi katika daftari: mahali, mwenye kazi, siku, fedha. Daftari hilo limewahi kumsaidia mfanyakazi aliyedhulumiwa kuliko maneno mia.

Tano, linda mwili wako. Usipande jukwaa usilolikagua. Usiguse waya kabla ya kukata umeme na kupima. Macho ya mchomeleaji hayanunuliwi sokoni.

Na ninyi wasichana, maneno haya yote ni yenu pia. Pimamaji halijui mwanamke wala mwanamume. Kwenye shantie nyingi wanawake hubeba mchanga na mawe kwa malipo madogo kuliko yote. Mwenye nguvu za kubeba mchanga ana nguvu za kupanga tofali. Kinachomzuia ni kutofundishwa.

Kwa mafundi wakubwa nina neno moja. Yule kijana anayekuchanganyia zege si punda wako. Ujuzi hauzeeki, lakini mwenye ujuzi huzeeka. Ukifa nao bila kumpa mtu, umeuzika pamoja nawe, na kazi itachukuliwa na wageni, nasi tutabaki kulalamika.

Ndugu vijana, chama hakina viwanda vya kuwagawia, wala hakiwezi kumwajiri kila mtu. Kinachoweza ni kusimama nanyi mkataba unapoandikwa, na kupiga hodi kwa tajiri asiyelipa. Njooni kabla ya kuanza kazi, msingoje mpaka mguu uvunjike. Mjumbe wetu yupo kwenye shantie za Kibenga. Mwulizeni.