Picha Moja, Macho Mawili: Adabu ya Kutofautiana Katika Kupiga na Kuhariri Picha

Harusi za Bagamoyo hazimaliziki siku ya walima. Baada ya wiki moja au mbili huja albamu, na pamoja nayo huja maneno. Mama hulalamika kwamba mwanawe amefanywa mweupe hata hamtambui. Bibi harusi mwenyewe amefurahi. Mpiga picha hujitetea kwamba huo ndio mtindo wake, na ndio unaompatia wateja hadi Dar es Salaam. Kila mmoja huona haki iko upande wake. Mzozo wa namna hii unastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa kuwa ndani yake huchanganywa mambo mawili yasiyofanana: tofauti ya jicho na upotoshaji wa ukweli.

Kamera nayo huchagua

Wapo wasemao kwamba picha isiyohaririwa ndiyo ya kweli. Kauli hiyo haisimami. Na waende wapiga picha wawili Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini mwa mji wa Bagamoyo, palipo magofu ya misikiti ya kale na makaburi yenye nguzo za matumbawe. Mmoja atafika alfajiri, ainame chini ili nguzo ionekane imesimama peke yake mbele ya mbingu, kisha aondoe rangi zote, kwa kuwa anataka mtazamaji akumbuke mauti. Wa pili atafika mchana, awatie ndani ya picha wanafunzi waliokuja ziarani na kuzidisha kijani cha miti, kwa kuwa anataka watu waje kuzuru. Hakuna aliyesema uongo. Kila mmoja amechagua pa kusimama, saa na nuru. Na kuchagua huko tayari ni kuhariri.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mjerumani Walther Dobbertin, aliyepiga picha katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani tangu mwaka 1906 hadi alipotekwa mwaka 1916, ameacha hazina ya picha za pwani na bara ambazo leo zimo katika hifadhi ya nyaraka ya taifa lake. Twazishukuru, lakini zimepigwa na mtu wa upande wa watawala. Katika studio za mjini Unguja, kama Capital Art iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, hali ilikuwa nyingine: mwenye uso ndiye aliyelipa, naye akawa na kauli juu ya avae nini na asimame vipi.

Mkasi wa Lamu

Mfano ulio bora zaidi uko Lamu. Huko aliishi Omar Said Bakor (1932–1993), Mwislamu aliyejifunza upigaji picha mwenyewe na kufungua studio yake. Kabla ya kompyuta kufika, yeye kwa mkasi, gundi na chumba cha giza aliunganisha picha na picha: kichwa cha mtu kikachipuka katika ua, uso ukatokea mahali ambapo uso haukai. Huo ulikuwa uhariri mkubwa kuliko wowote unaofanywa leo na kijana mwenye simu. Hata hivyo hakuna aliyedanganyika, kwa sababu kila mtazamaji alijua kuwa ua halizai binadamu. Picha ilijitangaza yenyewe kuwa ni sanaa.

Hapa ndipo kilipo kipimo. Ukubwa wa mabadiliko si hoja. Hoja ni kama mtazamaji anaambiwa, kwa ulimi au kwa kimya, kwamba anachokiona ndicho kilichokuwepo. Ua la Bakor halikumdhulumu mtu. Bali kuipausha kidogo tu ngozi ya msichana, katika picha inayopelekwa kwa posa ng'ambo ya bahari, kunaweza kuwa dhuluma kwa nyumba mbili. Sheria imemruhusu mchumba kumtazama anayemposa ili aingie katika ndoa akijua. Picha iliyoghushiwa huivunja hekima hiyo.

Nuru iliyozusha shaka

Hatari hiyo huonekana zaidi katika picha za habari. Novemba 2012, Msweden Paul Hansen alipiga picha Gaza: wanaume katika kichochoro wamebeba maiti za watoto wawili wadogo waliouawa kwa bomu la Israel, wakielekea msikitini. Mwaka 2013 ilipewa tuzo kuu ya World Press Photo. Miezi michache baadaye zikazuka tuhuma kwamba ni picha kadhaa zilizounganishwa, kwa jinsi nuru yake ilivyoonekana si ya kawaida. Wataalamu walioitwa kuichunguza waliilinganisha na faili la asili wakathibitisha kwamba haikuunganishwa. Kilichobadilishwa ni rangi na mwanga. Hansen hakusema uongo. Lakini kwa siku kadhaa watu walibishana juu ya kivuli, ilhali jambo lenyewe lilikuwa watoto wawili ndani ya sanda. Faili la asili ndilo lililouokoa ushahidi.

Wanazuoni na picha

Kutofautiana juu ya picha si jambo geni kwa Waislamu. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyewahi kuwa Mufti wa Misri, aliyefariki mwaka 1935, aliandika risala ya kuijuzisha picha ya kamera, akiiona kuwa ni kukizuia kivuli, wala si kuumba umbo. Sheikh Abdulaziz bin Baz alishikilia katazo, isipokuwa kwa haja kama vile kitambulisho. Kila upande una wafuasi wake hapa pwani, na yafaa waheshimiane. Lakini aliyejuzisha picha hakujuzisha udanganyifu, na amri ya kuihakikisha habari, iliyomo katika Suratul Hujurat, aya ya 6, inaihusu picha kama inavyolihusu neno.

Mapatano kabla ya kamera

Familia ifanye nini? Kwanza, izungumze na mpiga picha kabla ya siku yenyewe. Itazame kazi zake za nyuma na kueleza inachotaka na isichotaka. Pili, wanawake walio ndani ya ukumbi wao waulizwe ni nani atakayewapiga, na picha zitakaa kwa nani. Picha ya mwanamke asiye na buibui ni amana. Haifai kuwa tangazo la biashara bila ridhaa yake. Tatu, faili za asili zihifadhiwe, kwa kuwa wajukuu watataka kuujua uso wa bibi yao kama Mola alivyouumba.

Mpiga picha naye apewe nafasi yake. Katika mapambo ya albamu, katika machweo ya bahari na mashua, jicho lake ndilo alilolipiwa; kumwamrisha kila hatua ni kuikata mikono kazi yake. Lakini penye posa, kitambulisho, msiba na habari, picha ni shahidi, na shahidi hapambwi. Mama aliyelalamika na binti aliyefurahi wangeweza kupatana mapema iwapo mmoja wao angeuliza swali dogo: albamu hii tunaitaka iwe pambo, au iwe kumbukumbu? Na yakitakiwa yote mawili, basi zichapishwe picha za aina zote mbili, kila moja ijulikane ni ipi.