Mipango miji endelevu Mtwara-Mikindani

Mipango miji endelevu Mtwara-Mikindani ni kazi ya kupanga ardhi, barabara, maji na makazi ya manispaa hiyo ya kusini-mashariki mwa Tanzania ili wakazi wa leo wapate huduma bila kuharibu vyanzo ambavyo wakazi wa kesho watavihitaji. Manispaa ina eneo la km² 163. Ndani yake umo mji wa Mtwara, mji mkongwe wa Mikindani ulio umbali wa kilomita 10 hivi, na kata nyingine kama Likombe, Naliendele na Mtawanya. Kufuatana na sensa, idadi ya wakazi ilikuwa 108,299 mwaka 2012, ikafikia 146,772 mwaka 2022.

Miji mingi ya Tanzania ilikua kwanza, ramani ikafuata. Mtwara ilikuwa kinyume: ramani ilitangulia, watu wakachelewa. Matatizo yake mengi ya leo yanatokana na jambo hilo.

Historia

Hadi miaka ya 1940 kituo cha biashara cha eneo hili kilikuwa Mikindani, bandari ya Waswahili yenye ghuba tulivu lakini isiyofaa meli kubwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga kwa mashine Kongwa, Urambo na Nachingwea. Karanga za Nachingwea zilihitaji bandari yenye kina kirefu, na Ghuba ya Mtwara ilikuwa nacho. Basi mji mpya ukachorwa: bandari, reli ya kwenda bara, na barabara pana zilizoacha nafasi kubwa kati ya mtaa na mtaa.

Mpango wa karanga ulifutwa mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Bandari ilimaliziwa hata hivyo, lakini reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vyuma vyake vikang'olewa. Kata moja ya mji inaitwa Reli hadi leo.

Korosho ikachukua nafasi ya karanga. Baadaye ikaja gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015. Kabla ya bomba hilo kukamilika, mwaka 2013, zilitokea ghasia mjini Mtwara kwa sababu wakazi wengi waliona gesi inaondoka na kazi zinaondoka nayo. Bei za viwanja zilizopanda kwa matumaini ya gesi ni sehemu ya historia ya mipango miji kama zilivyo ramani za Waingereza.

Usafiri

Mji uliotawanyika una gharama ambayo haionekani kwenye ramani. Ikiwa kila kiwanja kina upana wa mita 40 barabarani badala ya 20, basi kila nyumba inahitaji bomba, nguzo za umeme, mtaro na lami maradufu. Mwenye nyumba halipi gharama hiyo siku ya kununua kiwanja. Inalipwa na wote, mwaka hata mwaka. Ndiyo sababu wapangaji wengi hushauri kujaza kwanza nafasi zilizo wazi ndani ya mji kabla ya kupima viwanja vipya mbali zaidi.

Safari za kila siku hufanywa kwa miguu, baiskeli, bodaboda na bajaji. Watu wa rasi ya Msangamkuu huvuka ghuba kwa pantoni. Ardhi ya mji ni tambarare kwa sehemu kubwa, hivyo njia ya waenda kwa miguu na baiskeli ni rahisi kujenga. Kinachokosekana mara nyingi ni kivuli. Barabara pana isiyo na miti, saa saba mchana, haitembeleki, hata ikiwa na lami nzuri. Barabara kadhaa na mitaro ya mji zilijengwa upya chini ya mradi wa miji ya kimkakati uliogharamiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia mwaka 2010.

Suala gumu zaidi ni malori. Bandari ya Mtwara husafirisha korosho, saruji na, tangu miaka ya karibuni, makaa ya mawe kutoka mkoa wa Ruvuma. Vumbi la makaa na chakula havifai kukaa gati moja, na malori mazito hayafai kupita kwenye mitaa ya makazi. Kwa sababu hiyo serikali iliamua kujenga bandari nyingine kwa ajili ya mizigo michafu huko Kisiwa Mgao.

Vilevile mji unategemea mno barabara moja kuelekea Dar es Salaam. Mnamo Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara hiyo eneo la Somanga, mkoani Lindi, na magari ya kusini yakakwama.

Maji

Chanzo kikuu cha maji ya mji ni visima vya Mtawanya, vinavyoendeshwa na mamlaka ya maji, MTUWASA. Wazo la kuvuta maji ya Mto Ruvuma limekuwepo kwa miaka mingi, lakini kuyasukuma kutoka mbali kunahitaji umeme na mabomba ya gharama kubwa.

Pwani, maji baridi ya ardhini huelea juu ya maji ya chumvi. Kwa kadiri, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na mita 40 hivi chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba kisima kikivutwa kupita kiasi hata maji yakishuka kidogo tu, chumvi hupanda mara nyingi zaidi, na kisima kilichoingia chumvi huchukua miaka kupona. Hatari ya pili hutoka juu. Nyumba nyingi hutumia vyoo vya shimo au makaro, na mchanga huyapitisha majitaka haraka. Kwa hiyo kulinda eneo la chanzo lisijengwe ni suala la upimaji wa viwanja, si la mabomba peke yake.

Mvua ni akiba isiyotumika vya kutosha. Mtwara hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Paa la bati la mita za mraba 60 linaweza kukinga lita 48,000 hivi, baada ya kuondoa zinazopotea. Familia ya watu watano ikitumia lita 100 kwa siku kwa miezi mitano ya kiangazi inahitaji lita 15,000. Basi tatizo si mvua, ni tangi: lile la plastiki la lita 1,000 linalonunuliwa na wengi huisha kwa siku kumi. Wamakonde wa uwandani, ambako hakuna mito, walijua thamani ya kuhifadhi maji zamani kabla ya neno "endelevu" kuanza kutumika.

Makazi na ushiriki wa wakazi

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka wananchi washirikishwe katika kuandaa mpango wa mji. Kwa mkazi wa Likombe au kata nyingine yoyote, ushiriki huo huanzia kwenye mkutano wa mtaa. Hapo ndipo inapoulizwa njia itapita wapi, nani atasogeza ukuta wake, na kama kuna kiwanja kilichobaki kwa shule. Palipojengwa kabla ya kupimwa, urasimishaji huwapa wakazi hati, lakini hauwezi kurudisha eneo la wazi lililokwisha kujengwa. Aidha barabara za mitaa ni kazi ya TARURA, barabara kuu ni ya TANROADS, na mabomba ni ya MTUWASA. Wasipokaa pamoja, lami ya mwaka huu huchimbwa mwakani.

Pwani

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Mikoko ya ghuba za Mtwara na Mikindani hupunguza nguvu ya mawimbi na ni mazalio ya samaki na kamba, lakini hukatwa kwa ajili ya nguzo, kuni na mashamba ya chumvi. Mnamo Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia, wakazi wa sehemu za chini mjini Mtwara waliagizwa kuhamia maeneo salama. Kimbunga kilipiga kusini zaidi, katika mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma.