Sumu ya Nyoka: Kuokoa Watu, Kuhifadhi Nyoka

Sumu ya nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani kila mwaka, na kuwaacha wengine takribani mara tatu ya idadi hiyo wakiwa wamekatwa viungo au wamepata ulemavu wa kudumu. Wengi ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza msiba huu katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu huo kwa nusu ifikapo 2030.

Katika Afrika Mashariki, kifutu ni miongoni mwa nyoka wanaouma watu zaidi. Akikaribiwa hakimbii, bali hutulia kimya akijificha kwa rangi yake hadi anapokanyagwa. Sumu yake huvimbisha mguu na kuozesha nyama. Sumu ya koboko hushambulia mishipa ya fahamu: kope hulegea, ulimi huwa mzito, na mgonjwa asipotibiwa hushindwa kupumua ndani ya saa chache.

Tiba ya kweli ni dawa ya kupambana na sumu, inayotolewa hospitalini. Ili kuitengeneza, farasi au kondoo hudungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ujenge kingamwili, kisha kingamwili hizo huchujwa kutoka katika damu yake. Dawa hii ni ghali na mara nyingi haipatikani katika zahanati za vijijini.

Sumu ya kutengenezea dawa hiyo hukamuliwa kutoka kwa nyoka walio hai. Nyoka wakimalizwa, chanzo cha tiba nacho hupotea. Isitoshe, nyoka hula panya wanaomaliza mahindi ghalani na kueneza tauni. Hata hivyo, mtu mmoja akiumwa, kila nyoka anayeonekana kijijini huuawa, hata asiye na sumu. Kumwandama nyoka nako huleta ajali, kwani anayebanwa huuma ili ajiokoe.

Kinga ni rahisi kuliko tiba: kuvaa buti shambani, kumulika njia usiku, kufyeka majani karibu na nyumba, kuhifadhi nafaka panya wasifikie, na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kifungwe banzi kisitikisike, na apelekwe hospitali haraka. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, wala lisifungwe kamba ya kukaza. Jiwe jeusi linalobandikwa kwenye jeraha haliondoi sumu. Swila akitema sumu machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi.

Serikali zina wajibu wa kufikisha dawa hadi vijijini na kuwafundisha wahudumu kuitumia. Wananchi nao wampishe nyoka aende zake, na wamwahishe aliyeumwa hospitali kabla ya kwenda kwingine kokote.