Wangari Maathai: Kabla ya Miche Kulikuwa na Hadubini

Kila Machi 3, Siku ya Mazingira Afrika ambayo Umoja wa Afrika umeiambatanisha na jina la Wangari Maathai, magazeti yetu huchapisha picha ya mama aliyevaa kitenge na kilemba, ameinama kando ya mche. Ni picha ya kweli, na mapenzi yanayoandamana nayo hayana unafiki. Alipofariki Nairobi Septemba 25, 2011, akiwa na umri wa miaka 71, aliacha watoto watatu na mjukuu wa kike, na Wakenya wengi wakamlilia kama mtu anavyomlilia nyanya yake mwenyewe. Hata hivyo, katika picha hiyo kuna mtu aliyefichwa. Wangari alikuwa mwanasayansi kwa mafunzo na kwa ajira, na nashikilia kwamba sehemu kubwa ya yale tunayomsifia leo ilitokana na sayansi hiyo. Tukimuenzi kwa upendo peke yake, tutarithi desturi ya kupanda miti na kupoteza fikra zilizoifanya miti hiyo ishike.

Alisomea biolojia Kansas, Marekani, akahitimu 1964, kisha akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1966 alirejea Nairobi akiwa na barua ya kuajiriwa katika idara ya zuolojia, na alipofika aliambiwa nafasi imepewa mtu mwingine. Aliyempokea ni Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani aliyekuwa akiijenga idara mpya ya anatomia ya mifugo na aliyehitaji mtu mwenye ujuzi wa kuandaa tishu na kuzisoma kwa hadubini. Baada ya muda wa utafiti Ujerumani, mwaka 1971 alitunukiwa uzamivu kwa utafiti kuhusu ukuaji wa viungo vya uzazi vya ng'ombe, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kufikia kiwango hicho. Mwaka 1976 alikuwa mkuu wa idara, na 1977 profesa mshiriki. Hii ni kazi ya miaka mingi ya kukaa kimya mbele ya lenzi, na wasifu mwingi unaoandikwa juu yake huipitia kwa sentensi moja.

Katika miaka hiyo hiyo ya sabini alikuwa akichunguza kupe wanaoeneza ndigana kali, ugonjwa unaowamaliza ng'ombe wa kisasa wa maziwa. Kukusanya kupe kulimtoa maabara na kumpeleka malishoni, viungani mwa Nairobi. Huko aliwaona ng'ombe waliokonda hadi mbavu zikahesabika, nyasi chache, na mito iliyogeuka rangi ya udongo baada ya mvua. Mtafiti mwingine angejaza chupa zake za vielelezo na kurudi zake mjini. Wangari alijiuliza iwapo kupe ndiye adui mkubwa wa ng'ombe, akafikia uamuzi kwamba hatari kubwa zaidi ilikuwa ardhi iliyokuwa ikichakaa. Kisha, katika Baraza la Kitaifa la Wanawake, alisikia taarifa za utapiamlo kwa watoto wa Kenya ya Kati, eneo lililosifika kwa rutuba. Aliziunganisha habari hizo: mashamba yamegeuzwa kuwa ya kahawa na chai, miti ya kuni imepungua, akina mama wanapika vyakula visivyohitaji moto mwingi, na vyakula hivyo havina lishe ya kutosha. Kupanda miti kulikuwa jibu la uchambuzi huo. Juni 5, 1977, alipopanda miti 7 ya kwanza Kamukunji, tayari alikuwa amepita hatua ngumu zaidi, ile ya kuutambua ugonjwa wenyewe.

Wapo watakaosema hayo yote yalijulikana vijijini kabla yake. Kina mama wa Nyeri waliheshimu mti wa mugumo na kuwakataza watoto kuokota kuni zake, na mama yake Wangari alimfundisha hivyo. Pingamizi hili lina uzito, na yeye mwenyewe alilikubali waziwazi. Lakini mwiko ulipodhoofika na mugumo kukatwa, heshima pekee haikuweza kuwashawishi maofisa wala wakulima wa kizazi kipya. Ilihitajika sababu, naye aliitoa: mizizi ya mugumo hupenya chini sana na kusaidia maji ya ardhini kupanda juu, ndiyo maana mti ulipoondoka chemchemi nayo ilikauka. Sayansi yake ilisimama pamoja na maarifa ya mama yake na kuyapa nguvu mbele ya watu waliokuwa wameacha kuyasikiliza.

Wengine husema aliiacha sayansi mapema mno kuitwa mwanasayansi. Ukweli ni kwamba alisukumwa nje: 1982 alijiuzulu chuoni ili agombee ubunge, akazuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudisha. Pingamizi gumu zaidi ni la 2004, vyombo vya habari viliporipoti kwamba alisema virusi vya Ukimwi vilitengenezwa na wanasayansi. Kabla ya mwaka huo kuisha, alipotunukiwa Nobeli ya Amani, alitoa taarifa kwamba hakuamini hivyo. Kwangu mimi doa hilo lisifichwe. Mwanasayansi hupimwa kwa kazi yake yote, na ya Wangari ina uchunguzi wa miaka mingi ambao matokeo yake yanaweza kukaguliwa shambani.

Je, ni kosa basi kumwita mama, au nyanya? La hasha, ubaya huanza pale jina la undugu linapofuta jina la kazi, na wanaume wanasayansi ni nadra kufanyiwa hivyo. Machi 2013, gazeti la New York Times lilianza taazia ya Yvonne Brill, mhandisi aliyebuni mtambo wa kuziweka setilaiti katika njia zake, kwa kusifu mapishi yake, na likalazimika kubadilisha mwanzo huo wasomaji walipolalamika. Kwetu mambo ni mapole zaidi, ila msichana wa shule anayeambiwa amwige Wangari bado hupewa jembe, na ni mara chache anaonyeshwa mlango wa maabara.

Hasara ya kuificha sayansi hiyo inaonekana hata kwenye miti yenyewe. Kenya imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023, ilitangazwa kuwa sikukuu ili wananchi wapande. Katika Green Belt Movement, harakati aliyoianzisha Wangari, vikundi vya wanawake vililipwa fedha kidogo kwa kila mche uliothibitika kushika. Kwa hiyo mtu alirudi, akakagua, akaandika. Walijifunza kuandaa vitalu kwa kujaribu na kurekebisha, na naye Wangari aliendelea kuhimiza miti ya kiasili na kupinga mikaratusi kwenye vyanzo vya maji. Siku hizi idadi ya miche iliyopandwa hutangazwa jioni ile ile. Idadi ya iliyo hai baada ya misimu miwili ya kiangazi, na ya aina gani, na kando ya mto gani, ndiyo inayopaswa kudaiwa kwa wizara kila inapolitaja jina lake.